Maswali na Majibu: Ousmane Sembène, Wenzake na Waigizaji Wake

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu kutoka Senegal aliyefariki Dakar mwaka 2007. Nawajibu mmoja baada ya mwingine.

Je, ni kweli kwamba alikuwa kuli kabla ya kuingia kwenye filamu?

Ni kweli. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, akiwa mtoto wa mvuvi, na masomo yake ya darasani yalikoma mapema baada ya kufukuzwa shule. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Ufaransa, kisha akahamia Marseille na kubeba mizigo bandarini, ambako alijiunga na chama cha wafanyakazi na kujielimisha kwa vitabu vya maktaba yao. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1956, inahusu kuli mwenzake wa kubuni katika bandari hiyo hiyo.

Kama alikuwa mwandishi mwenye jina, kwa nini aliacha vitabu akakimbilia kamera?

Hakuacha vitabu, aliendelea kuandika. Kilichomsumbua ni kwamba aliandika kwa Kifaransa, na watu aliowaandikia, wakulima, wavuvi na wachukuzi, wengi wao hawakuweza kumsoma. Akiwa amekaribia miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza chini ya mwongozaji Mark Donskoy, na mwaka 1963 akatoa *Borom Sarret*, filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Itazameni kwa makini sehemu ambayo polisi anamsimamisha katika mtaa wa matajiri: medali ya vita ya yule mchukuzi inaanguka chini, na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Hapo hakuna hotuba yoyote, na asiyejua kusoma anaelewa kila kitu. Ndiyo maana Sembène aliita sinema shule ya jioni.

Nasikia alimtukana Jean Rouch. Kulikuwa na ugomvi gani?

Nisingeliita tusi. Rouch alikuwa Mfaransa, mtaalamu wa mila za watu na mwongozaji aliyepiga filamu Niger na nchi jirani tangu miaka ya 1940. Katika mazungumzo yao ya mwaka 1965, Sembène alimweleza ana kwa ana kwamba yeye Rouch na wenzake waliwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Alimaanisha kwamba filamu za namna ile humwonyesha mtu akicheza ngoma, akipandisha pepo au akilima, lakini hazionyeshi alikotoka wala anakokwenda.

Hata hivyo, wanaopenda kulikariri neno hilo husahau kwamba siku hiyo hiyo Sembène aliisifu *Moi, un noir*, filamu ya Rouch ya mwaka 1958 kuhusu vijana wa Niger wanaotafuta riziki Abidjan. Alisema kwamba Mwafrika angeweza kuitengeneza, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Hilo ndilo lililokuwa kiini cha uchungu wake. Tangu mwaka 1934, amri ya serikali ya Ufaransa ilimtaka kila anayetaka kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika aombe kibali kwanza, na hata mwongozaji Mwafrika Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotaka kutengeneza filamu yao mwaka 1955, waliishia kuipiga Paris.

Naamini Sembène alikuwa na haki. Haki hiyo haimnyimi Rouch sifa yake, kwani Oumarou Ganda, mwigizaji mkuu wa *Moi, un noir*, na Safi Faye, aliyeigiza katika filamu nyingine ya Rouch, wote wawili baadaye walikuwa waongozaji wenye heshima.

Aliwapataje waigizaji wake?

Mara nyingi aliwachukua watu wasio waigizaji wa kazi, akitafuta uso na mwendo unaolingana na maisha ya mhusika. Mbissine Thérèse Diop, aliyeigiza kijakazi katika *La Noire de...* ya mwaka 1966, anaibeba filamu nzima kwa macho na mabega yake, lakini sauti ya Kifaransa tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Sauti hiyo iliyoazimwa inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu kijakazi yule hapewi lugha yake hata anapowaza. Katika *Moolaadé* ya mwaka 2004, nafasi ya mama anayefunga kamba mlangoni ili kuwakinga wasichana wasikeketwe ilipewa Fatoumata Coulibaly wa Mali, mwanahabari aliyekuwa tayari anapinga ukeketaji katika maisha yake mwenyewe. Sidhani mwigizaji maarufu wa Paris angeweza kusimama mbele ya mlango ule kama alivyosimama yeye.

Kati yake na Djibril Diop Mambéty, mwongozaji mwenzake wa Senegal, nani mkubwa?

Swali hili halinisaidii kuwatazama vizuri. Mambéty anakwenda kwa ndoto na mruko wa picha, Sembène kwa hoja na subira, na Senegal ina bahati ya kuwa nao wote wawili.

Alijali Wazungu walimwonaje?

Alipokea fedha zao za filamu pale alipozihitaji, na tuzo zao pia. Lakini alipohojiwa na Férid Boughedir, mwongozaji wa Tunisia, katika filamu iliyotoka mwaka 1983, alisema kwamba Ulaya si kitovu chake, akauliza kwa nini awe alizeti inayoligeukia jua ilhali yeye mwenyewe ndiye jua. Miaka mitano baadaye yeye na Thierno Faty Sow walitoa *Camp de Thiaroye*, kuhusu askari Waafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa Desemba 1944 walipodai malipo yao. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice, huku Wafaransa wenyewe wakikaa miaka mingi bila kuonyeshwa.

Sijaona filamu yake hata moja. Nianze na ipi?

Anza na *Mandabi* ya mwaka 1968, aliyoipiga kwa Kiwolofu. Mzee mmoja anatumiwa fedha kwa posta na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hana kitambulisho cha kuzichukulia. Ukishaimaliza, tazama *Xala*, kisha ndipo uende *Ceddo*, ambayo inadai utulivu zaidi.