Kuonja mbege Marangu

Uliyeuliza kama mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Marangu kule Kilimanjaro, itamfaa mtu aliyezoea bia ya chupa: itakufaa, ila usitegemee kitu baridi chenye gesi. Ni nzito, ina uvuguvugu, na chenga za ulezi utazikuta mdomoni. Omba kwanza uone inavyopikwa. Ndizi zilizoiva huchemshwa muda mrefu mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, halafu zikachujwa. Maji yake ndiyo huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ule uchungu unaobaki kooni unatokana na magome ya mti wa msesewe, na hapo ndipo wapishi wanapotofautiana. Mwingine anaukoleza mpaka unakunja uso, na mimi hao ndio nawapenda.

Muulize mama mpishi ameichanganya lini. Ikiwa bado changa ina utamu kama togwa. Ikilala inakuwa kali na inapanda kichwani kimyakimya. Onja zote mbili, changa ikitangulia. Ukipewa kata ya kunywea, usiitikise. Acha ulezi utulie kidogo ndiyo unywe. Na kula kabla, mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) unatosha kabisa.