Una siku mbili Sri Lanka? Nenda Anuradhapura, na uanze na ule mti

Mkuu, umeuliza kama ukimaliza kazi Colombo inafaa kutumia siku mbili zilizobaki kwenda Anuradhapura, mji mkuu wa kale wa Sri Lanka, na kama mtu asiye Mbudha atajisikia yuko mahali pake. Mimi ni Mwislamu, nimefika, na kwa moyo wangu wote nakwambia nenda.

Nimekulia Upanga, Dar es Salaam, jirani na hekalu la Wabudha. Mle ndani kuna mti wa bodhi, mti mtakatifu kwao, ambao asili yake ni Anuradhapura. Mche wake uliletwa yapata miaka 100 iliyopita, enzi Wasinhala, watu wa Sri Lanka, walipokuja kufanya kazi Dar. Nimeupita mti ule utoto wangu wote, kwa hiyo nilitaka nimwone mama yake.

Unaitwa Jaya Sri Maha Bodhi, ni jamii ya mkuyu. Mapokeo yanasema Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, alileta tawi la mti wa Bodh Gaya, huko huko India, ule ambao Budha alikaa chini yake. Mwaka unaotajwa ni 288 kabla ya Kristo, na katika miti iliyopandwa kwa mkono wa mtu na mwaka wake ukajulikana, hakuna mkongwe kuushinda. Nilitarajia kitu kama mbuyu. Kumbe ni mwembamba, umeinama, matawi yameegemezwa nguzo za rangi ya dhahabu, na huruhusiwi kuugusa. Fika kabla jua halijachomoza. Watu wamevaa nyeupe, mikononi maua ya yungiyungi, wananong'ona dua zao. Jani moja lilianguka. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aliliokota, akaligusisha kwenye paji la uso, akalifunga kwenye leso taratibu. Sikupiga picha hata moja asubuhi ile.

Mavazi: funika mabega na magoti. Viatu na kofia vinavuliwa kila mahali patakatifu, na ikifika saa sita mchana mawe yanaunguza nyayo kweli kweli, kwa hiyo beba soksi. Usijipige picha ukiipa mgongo sanamu ya Budha; kwao ni kumdharau.

Maeneo yametawanyika, kodi bajaji ya siku nzima. Ruwanwelisaya, kuba jeupe la mfalme Dutugemunu lenye mita 103 hivi, liache mpaka magharibi, taa za mafuta zinapowashwa. Mahujaji hulizunguka wakiliweka upande wa kulia, nawe fanya hivyo hivyo. Mabwawa pacha ya Kuttam Pokuna ni mazuri, lakini nusu saa inatosha.

Jetavanaramaya, kuba jingine la matofali, ndiyo iliyonikalisha chini. Mfalme Mahasena aliianza karne ya 3 baada ya Kristo. Ilipokamilika ilifika mita 122 hivi, na wakati huo ni piramidi mbili tu za Giza zilizoizidi. Leo imebaki mita 71. Inakadiriwa ina matofali milioni 93, na yote ni ya udongo wa kuchoma! Mimi ni fundi ujenzi, nimewahi kuhesabu matofali ya nyumba ya vyumba vitatu, na bado namba hiyo hainiingii akilini.

Siku ya pili usiikose Mihintale, kilima kilicho kilomita 13 hivi mashariki. Hapo ndipo Mahinda, kaka yake Sanghamitta, alipokutana na mfalme wa kisiwa, Devanampiya Tissa, aliyekuwa mawindoni, na ndivyo Ubudha ulivyoingia kisiwani. Ngazi zake zinahesabiwa 1,840. Mwezi mpevu wa Juni, wanaouita Poson, mahujaji hujaa mpaka pa kulala panakuwa shida; kama safari yako inaangukia hapo, tafuta chumba mapema. Panda alasiri jua likipoa, ubaki juu mpaka litue. Utayaona makuba ya mji yakichomoza juu ya miti, na mabwawa ambayo wafalme wale waliyachimba yakimetameta, bado yanamwagilia mpunga.