Kujitolea Kenya: mpira na stadi za maisha

SWALI: Ndugu Mhariri, jioni ninafundisha watoto kandanda hapa Chumbageni, Tanga, na ningependa kujitolea Kenya kwenye programu inayounganisha mpira na stadi za maisha. Je, uzoefu wangu wa uwanjani unatosha?

JIBU: Uzoefu huo ni mtaji, lakini hautoshi peke yake, kwa kuwa katika programu za namna hii mpira ndio unaowaita watoto, na kazi kubwa huanza wanapoketi. Mathare, Nairobi, ambako MYSA (Mathare Youth Sports Association), shirika la michezo la vijana, ilianzishwa mwaka 1987, timu hupata alama za ligi kwa kusafisha mitaa yao pia, wala si kwa ushindi tu. Jifunze basi kuongoza mazungumzo: keti nao duara moja mchangani, uliza, kisha nyamaza hadi yule mtoto anayechezea kamba za viatu aseme neno. Tena, nakusihi usiende kwa wiki mbili tu, maana mtoto aliyekwisha kukuzoea huumia unapoondoka ghafla. Kabla ya kuvuka mpaka wa Horohoro, pata makubaliano ya maandishi kuhusu malazi, bima na ulinzi wa watoto, na uwaulize wenyeji wako mapema kuhusu kibali cha uhamiaji.