Kabla ya Kushika Bendera, Shika Faili Lako

Tangu jeshi la Marekani lianze tena kuwaondoa wanajeshi waliobadili jinsia, vijana wetu wananiandikia swali lile lile. Wengi ni watoto wa Wakenya, Watanzania na Wakongo waliokulia Texas, Ohio au Minnesota: "Dada, nataka kuingia kwenye harakati, nianzie wapi?" Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Nawaambia waanzie kwenye droo yao wenyewe, waitoe fomu ya DD-214, ile karatasi ya kuachiliwa jeshini, tuisome pamoja.

Mimi ni mwanamke. Nilizaliwa Mombasa nikapewa jina la babu mzaa baba, nikahamia San Antonio nikiwa bado sekondari, nikajiunga na jeshi la nchi kavu nikiwa na green card tu. Uraia niliupatia humo humo. Kazi yangu ilikuwa bohari: matairi, mahema, vipuri, sahihi juu ya sahihi. Niliondoka 2014. Ile kanuni ya "usiulize, usiseme", ya kutumikia kwa kujificha, ilikuwa imekwisha tangu Septemba 2011, ila iliwahusu wapenzi wa jinsia moja. Sisi tuliobadili jinsia tulingoja mpaka Juni 2016, Waziri wa Ulinzi Ash Carter alipoondoa marufuku yetu, na mimi nilishavua gwanda.

Watu hushangaa mtu kama mimi alifuata nini jeshini. Nilifuata uanaume! Mwaka 1988 daktari wa akili George Brown, aliyewatibu wanajeshi wa jeshi la anga, aliandika kwamba wengi wetu hukimbilia kwenye kazi za kiume kupindukia tukitumaini kwamba ile hali ndani yetu itakufa. Nilipomsoma nilicheka peke yangu, maana alikuwa amenieleza mimi bila kunijua. Kwa hiyo kama unataka kujiandikisha ili sare ikutibu, nakwambia mapema: jeshi litakupa nidhamu, marafiki na bima ya afya. Hiyo dawa nyingine haimo bohari, na bohari niliihesabu mwenyewe kila mwezi.

Kujikubali hakukuja kwa siku moja, wala hakukuja kwa kujitazama kwenye kioo kama wanavyosema wahamasishaji. Kulikuja nilipoanza kujibu maswali ya watu wanaonipenda. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa sajenti wangu wa zamani, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi. Nilimchagua kwa sababu moja tu: alishawahi kutunza siri za wengine na hazikutoka. Usimwambie kwanza mtu unayempenda kuliko wote. Mwambie anayejua kunyamaza.

Mama yangu nilimwambia baadaye, kwa simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aya, kwa machozi, kwa laana hata. Hakuniuliza habari za homoni. Aliuliza, "Ukifa huko, nani atakuosha?"

Waliolelewa pwani wanajua uzito wa swali hilo. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, ya mwanamume na wanaume, na mama alikuwa akiniona nimelala mahali nikibishaniwa. Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikwenda nikalitafuta. Nikazungumza na wanawake wawili ninaoswali nao Idi, wakakubali, tena mmoja alikasirika kwamba nilidhani angekataa. Texas kuna fomu ya kumteua mtu atakayesimamia mwili wako baada ya kufa. Nikaijaza, ikathibitishwa kwa mthibitishaji wa serikali, nakala nikamtumia mama. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kama watu. Watoto wa kaka yangu sasa wananiita shangazi, na mama mwenyewe ndiye aliyewaanzishia. Kaka bado. Nimemwacha na wakati wake.

Basi ndiyo maana nawaambia vijana habari za makaratasi. Kwa wale wanaotolewa jeshini sasa, hili si jambo la kuahirisha. Rais Trump alitia saini amri yake ya kutuzuia jeshini 27 Januari 2025. Jaji Ana Reyes wa Washington akaizuia Machi, lakini 6 Mei Mahakama ya Juu ikaruhusu itekelezwe huku kesi zikiendelea. Mwezi huo wa Machi, wizara ya maveterani, VA, nayo ilitangaza kuwa haitaanzisha tena matibabu ya homoni kwa wagonjwa wapya. Watakaoendelea ni waliokuwa wakiyapata tayari VA, au waliokuwa wakiyapata jeshini wakati wa kuondoka. Upasuaji wa kubadili jinsia VA haikuwahi kuulipia. Umeona sasa karatasi inavyofanya kazi? Faili lako la hospitali ya kambi ndilo linaloonyesha uko upande gani wa mstari. Chukua nakala kamili kabla hujarudisha kitambulisho, iwe ya karatasi na ya kwenye flashi, na moja iwe kwa mtu mwingine.

Madai ya fidia ya ulemavu kwa VA yanaweza kufunguliwa ukiwa bado kazini, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Mtu akitaka umlipe ili akujazie dai la kwanza, ondoka, kwa sababu sheria hairuhusu, na maafisa wa maveterani wa kaunti hufanya kazi hiyo bure. Ukishabadili jina mahakamani, omba DD-214 irekebishwe kupitia fomu ya DD-149 kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu. Huchukua muda mrefu. Ila kila mwajiri na kila benki ya mkopo wa nyumba itaiomba karatasi hiyo, na ikibaki na jina la zamani utajieleza upya kila kaunta maisha yako yote.

Harakati zangu, kwa hiyo, ni kusindikiza watu maofisini. Jukwaani nimepanda mara chache, na sikupafurahia. Wala sidharau bendera: aliyeibuni hii yetu ya buluu, waridi na nyeupe mwaka 1999 ni Monica Helms, mwanamaji aliyetumikia kwenye nyambizi, na mwaka 2003 alishiriki kuanzisha chama cha maveterani wenzetu, TAVA. Lakini hata kesi kubwa husimama juu ya faili. Kamanda Emily Shilling, rubani wa jeshi la majini, alipoishtaki serikali 2025 alifika na rekodi ya safari zaidi ya 60 za kivita.

Walioko nyumbani Afrika Mashariki, msiige uwazi wangu. Mimi nasema haya nikiwa mahali ambapo nikitukanwa nina wakili. Uganda, sheria ya 2023 inamfunga hata mtu anayehesabiwa "kutangaza" mambo haya. Kenya kuna njia nyembamba ya mahakama, na Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyebadili jinsia, aliipita: mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru jina lake libadilishwe kwenye cheti cha mtihani wa sekondari, KCSE, na alama ya jinsia iondolewe. Tazama alichopigania. Cheti.

Kwa wanajeshi wenzangu ambao hili haliwahusu miilini mwao, nanyi mna kazi. Albert Cashier alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani katika kikosi cha 95 cha Illinois, kuanzia 1862 hadi 1865. Uzeeni ikagundulika alizaliwa msichana, na ofisi ya pensheni ikaanza kumchunguza kama tapeli. Waliomwokoa ni wazee waliopigana naye, waliojitokeza kuthibitisha kwamba huyu ndiye yule yule Cashier. Pensheni haikukatwa, na alipofariki 1915 alizikwa na sare yake.

VA bado inapokea ushahidi wa namna hiyo, kwa fomu ya 21-10210. Mwenzako akikuomba, usimwandikie sifa. Andika mlikuwa kikosi gani, mwaka gani, ulimwona akiumia wapi na ulijuaje, kisha utie sahihi na tarehe. Ukurasa mmoja unatosha.