Pasipoti mfukoni, kanga begani: nilivyoizunguka Korea kwa visiwa vyake

Kila anayeniuliza habari za Korea Kusini huja na ratiba yake tayari: siku kumi, saba za Seoul, mbili za Busan, moja ya kununua zawadi. Nami jibu langu ni lile lile. Seoul ipe siku tatu, zilizobaki zipeleke baharini. Mimi ni mtoto wa Paje, pwani ya Unguja, huenda nina upendeleo, lakini nchi ile ina visiwa zaidi ya 3,000, na ukirudi nyumbani hujavuka maji hata mara moja, umekula wali bila mchuzi. Hata uwanja wa ndege wa Incheon utakaoshukia umejengwa kisiwani.

Kabla ya kuondoka, jifunze kusoma herufi zao. Usiogope. Hangul ilitangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, ina herufi 24 za msingi, na zinaunganishwa silabi kwa silabi kama tulivyofundishwa ba-be-bi-bo-bu darasa la kwanza. Jioni tatu zinatosha. Hutaelewa lugha, ila utasoma kibao cha basi, na faida yake utaiona ukitoka nje ya mji mkuu. Majina yenyewe yanakwambia unakwenda wapi: neno likiishia na "do" mara nyingi ni kisiwa (Udo, Ulleungdo), "san" ni mlima, "gang" ni mto, na "po" ni ghuba au bandari. Nilipoiona Mokpo kwenye ramani nilijua kuna meli pale kabla sijasoma kitu kingine.

Jifunze pia kulitambua neno "dwaeji". Ni nguruwe, na anaingia hata kwenye supu usiyoitegemea. Ng'ombe ni "so". Seoul usihangaike, nenda Itaewon, kwenye msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Vichochoro vya kuuzunguka vimejaa migahawa ya halali. Kwingineko mimi nilikula samaki, na sikulala njaa hata siku moja.

Ya Seoul sitayarefusha, maana wengine wameshayaandika. Nunua kadi ya kulipia nauli, T-money, kwenye duka dogo lolote la mtaani, uwe na noti za kuiongezea salio, na ukishuka kwenye basi igonge tena kwenye mashine. Usipogonga, unapoteza punguzo la kubadilisha basi au treni. Ramani niliyozoea kwenye simu ilishindwa kunionyesha njia ya kwenda kwa miguu. Pakua mapema programu ya ramani ya Naver Map. Kasri la Gyeongbokgung liende asubuhi. Basi, panda treni.

Treni ya kasi, KTX, inakufikisha Busan kwa muda usiofika saa tatu. Wageni wengi wanakwenda moja kwa moja ufukwe wa Haeundae. Sisi wa pwani mchanga tunao. Nilichokifuata Busan ni vilima. Wakati wa vita vya Korea, 1950 hadi 1953, mji huu ulikuwa makao ya muda ya serikali, na wakimbizi walimiminika kutoka kila upande. Walijenga popote palipobaki. Kuna mtaa mmoja, Ami-dong, ambao nyumba zake zilijengwa juu ya makaburi ya Wajapani wa enzi ya ukoloni, na mawe ya makaburi bado yanaonekana kwenye ngazi na misingi. Nilisimama pale nikishindwa kupiga picha. Gamcheon, kile kijiji cha rangi kinachosambaa mitandaoni, kina historia inayofanana na hiyo, na watu bado wanaishi mle. Ongea kwa sauti ya chini, usichungulie madirisha.

Kisha vuka daraja la Yeongdo kwa miguu. Lilifunguliwa 1934, na sehemu yake moja iliundwa iinuke kupisha vyombo. Familia zilizopotezana wakati wa vita ziliambiana zikutane hapo, kwa kuwa ndipo mahali pa Busan ambapo kila mtu alipajua kwa jina. Ng'ambo kuna kitongoji cha Huinnyeoul, nyumba nyeupe zilizoning'inia juu ya jabali, na chini yake meli zimetia nanga zikingoja zamu. Nilikaa ukutani saa nzima nikizihesabu. Hakuna kiingilio.

Kutoka Busan nilichukua basi hadi Mokpo, kusini magharibi. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilikuwa na tiketi ya meli ya asubuhi kwenda kisiwa cha Jeju, nikaiacha pasipoti kwenye nyumba ya wageni, nikijua picha yake iko kwenye simu. Mama wa dirishani akatikisa kichwa. Nikaomba, nikabembeleza, nikaonyesha simu mara ya pili. Hapana. Nilitoka nje nimenuna, meli ikaondoka naiona.

Kwenye uzio wa bandari ya Mokpo niliona utepe wa njano wa kuwakumbuka waliokufa kwenye meli ya Sewol, na kununa kukaniishia. Meli hiyo ilizama tarehe 16 Aprili 2014 ikitoka Incheon kwenda Jeju. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa shule moja ya sekondari waliokuwa ziarani. Ilipoinuliwa 2017 ililetwa Mokpo. Mimi ninayetoka Unguja, niliyekuwepo Septemba 2011 Spice Islander ilipozama, na 2012 ilipofuata Skagit, nakumbuka vizuri siku zile za kutojua nani hasa alikuwa melini. Yule mama hakuwa na kosa. Kwa hiyo sikia: kwa boti yoyote Korea, hata ya dakika kumi na tano, pasipoti iwe mwilini mwako.

Siku iliyobaki sikuilalia. Wilaya ya Sinan, jirani na Mokpo, inajitangaza kuwa na visiwa 1004. Kwa Kikorea elfu na nne inatamkwa "cheonsa", na cheonsa pia ni malaika, basi mzaha huo wameubandika kila mahali, mpaka kwenye daraja kubwa lililofunguliwa 2019. Ukilivuka unaweza kufika Banwol na Bakji, visiwa viwili vidogo vilivyopakwa zambarau: mapaa, madaraja, vibanda vya simu, hata maua. Inasimuliwa kuwa daraja la miguu lilitokana na bibi mmoja wa Bakji aliyetamani kuvuka kwenda bara kwa miguu yake kabla hajafa. Aliyevaa zambarau anaingia bure. Nami katika begi nilikuwa na kanga moja tu, na unaweza kubahatisha rangi yake. Mlangoni walinipigia makofi.

Jeju nilifika kesho yake, baada ya saa kama nne na nusu za bahari isiyo na huruma. Ukiogopa mawimbi, ndege kutoka Gimpo, uwanja mwingine wa Seoul, inachukua kama saa moja na zipo nyingi kutwa. Usitake kukizunguka kisiwa chote kwa siku moja. Sikukodi gari, wenzetu wanaendesha upande wa kulia na mimi hata kushoto sijakomaa. Basi namba 201 linapita pwani ya mashariki, 202 ya magharibi, na zinatosha. Mlima Hallasan una mita 1,947, ni mrefu kuliko yote Korea Kusini. Ukitaka kileleni unajiandikisha kwanza mtandaoni. Mimi nilichagua kutembea vipande viwili vya njia za Olle zinazofuata ufukwe, katikati ya kuta za mawe meusi ya volkano.

Upepo uhesabu kwenye ratiba. Boti ya kwenda Udo ilifutwa siku yangu ya pili. Usipange kurudi Seoul siku ile ile ya ndege yako ya kurudi nyumbani. Na epuka Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, ambapo tiketi za treni hupatikana kwa shida kama boti za Unguja mkesha wa Idi. Oktoba, baada ya hapo, ni mwezi mzuri sana.

Lakini niliyemfuata Jeju ni haenyeo, wanawake wa bahari, ambao UNESCO iliutambua utamaduni wao 2016. Wanapiga mbizi bila mtungi wa hewa, wanatoa konokono wa bahari, urchini wenye miiba na mwani. Wengi wamepita miaka sitini. Wakiibuka wanatoa pumzi kwa mluzi mwembamba, unausikia kabla hujamwona mtu. Chini ya kilima cha Seongsan nilikaa kwenye kibanda cha mmoja wao. Nilimwita "halmeoni", bibi, kama ningemwita mzee yeyote nyumbani, akaniletea supu ya mwani, ile ambayo Wakorea hunywa siku ya kuzaliwa na mama hunyweshwa akijifungua.

Nikamwonyesha picha ya mama yangu shambani, maji magotini, kamba za mwani mkononi. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia mikono. Kisha akaashiria mdomo: mnaula? Nikatikisa kichwa, nikasugua vidole vya pesa: tunauza. Alicheka mpaka akashika meza, akanijazia bakuli tena.

Nilipomsimulia mama kwamba wenzake wa huko wanaupika supu, aliuliza swali moja tu.

"Wanatia nazi?"