Maswali na Majibu: Nyeusi ya Msiba, Nyeusi ya Bendera

Mume wangu amefariki. Wakwe wanataka nivae nyeusi mwaka mzima, wanasema ndiyo mila. Bibi yangu, Muganda wa Mukono, anasema enzi zao msiba ulikuwa na lubugo, si nguo nyeusi. Sisi ni Waislamu. Nimfuate nani? – Mjane, Jinja

Pole sana, mama. Bibi yako anajua anachosema. Kitambaa cha msiba Buganda ni lubugo, yaani gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike, na rangi yake ya kawaida ni ya tofali lililochomwa. Maiti huvikwa lubugo hata leo. Lubugo jeusi lilikuwepo, lakini lilitiwa rangi kwa ajili ya wafalme na machifu, kama lile jeupe. Aliyelivaa alionyesha cheo.

Gauni jeusi la kufiwa lina njia nyingine. Warumi wa kale walivaa toga ya rangi ya giza wakiomboleza, na Ulaya iliendelea hivyo kwa vipindi. Aliyeikaza desturi hiyo ni Malkia Victoria wa Uingereza: alifiwa na mumewe Albert mwaka 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, Victoria akiwa bado amejifunika nyeusi yake. Kwa hiyo hiyo “mila” ya wakwe zako si ya kale kama wanavyodhani.

Na eda nayo ina hesabu yake: miezi minne na siku kumi, au mpaka kujifungua ikiwa una mimba. Kinachoepukwa ni pambo: manukato, wanja, hina, dhahabu, nguo za kung’aa. Nyeusi inafaa, lakini hakuna aliyeilazimisha. Kijivu au kahawia iliyopoa inatosha. Huo mwaka mzima ulikuwa desturi ya Waarabu kabla ya Uislamu. Wakwe waendee taratibu, kupitia kwa shehe wanayemheshimu, maana ukiwajibu mwenyewe wataona unamkimbia marehemu.

Kwa Kiswahili tunasema roho nyeusi, siku nyeusi. Mbona bendera yetu inaanza na nyeusi? – Mwalimu, Bombo

Kwa sababu waliochagua rangi zile walikuwa wanaigeuza maana hiyo. Bendera ya Uganda, iliyobuniwa na Grace Ibingira, ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Ina mistari sita: nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena vilevile. Nyeusi ni watu wa Afrika, njano ni jua, nyekundu ni udugu wa damu. Ghana ilikuwa imeweka nyota nyeusi kwenye bendera yake mwaka 1957, na chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, kule Marekani kilitangaza bendera ya nyekundu, nyeusi na kijani mwaka 1920.

Ila tusidhani nyeusi nzuri ilianza na siasa. Wamasai wana Enkai Narok, Mungu mweusi, na huyo ndiye mwema, mleta mvua. Mwekundu ndiye mkali. Anayengoja mvua haogopi wingu jeusi, analiogopa jeupe linalopita tu. Hata “soko nyeusi” na “orodha nyeusi” ni tafsiri za Kiingereza zilizoingia magazetini. Soko la namna hiyo Uganda hii ilikuwa na neno lake, tena lenye utamu: magendo.

Pwani, nyeusi ilipinduka mbele ya macho ya watu. Kaniki, kitambaa cheusi au cha bluu nzito, kilikuwa vazi la watumwa na maskini. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliitupa kaniki wakashika kanga za rangi. Haukupita muda mrefu, buibui likaingia, jeusi tititi, na likawa vazi la heshima. Rangi ni ileile, ila anayeivaa safari hii hakulazimishwa na bwana.

Naweza kuvaa nyeusi kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya shoga yangu? – Mbarara

Muulize mama yake bibi harusi, si wenzako. Kama wazee wa upande ule wanaihesabu nyeusi kuwa ya kilio, vaa gauni la gomesi la rangi na mshipi unaong’aa. Kwenye tafrija ya usiku mjini hakuna atakayekutazama: tangu Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, atoe gauni lake fupi jeusi mwaka 1926, nyeusi ni nguo ya starehe pia.

Nilichovya gauni la pamba liwe jeusi, likatoka zambarau yenye mabaka. Jirani ananiambia nichemshe majani ya chai na misumari yenye kutu. – Masaka

Misumari iache. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma huwa nyeusi kweli. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo. Lakini chuma kikizidi hula pamba, na baada ya muda gauni litachanika lenyewe mikunjoni.

Rangi nyeusi ya unga mara nyingi ni bluu nzito iliyochanganywa na nyekundu au machungwa. Ukiweka kidogo, mchanganyiko unajitokeza, ndiyo zambarau yako. Kwa gauni la gramu 500 likiwa kavu, tumia rangi gramu 40, maji lita 10, chumvi gramu 700 na soda ashi (sodiamu kaboneti) gramu 200. Magadi ya kupikia hayana nguvu hiyo.

Kwanza choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa kashanga kagumu, na haishiki rangi hii. Mishono ikiwa ya poliesta itabaki na rangi yake ya zamani. Fua gauni, liingize likiwa bado na maji, koroga dakika 20 huku ukitia chumvi kwa awamu tatu. Soda ashi iyeyushe pembeni, lipandishe gauni kabla ya kuimimina. Ukimwagia juu yake, hapo ndipo mabaka yanapozaliwa. Kisha saa nzima, ukigeuza kila dakika tano, kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti. Vaa glavu, ziba pua unapopima unga, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Suuza kwa maji baridi, halafu ya moto sana mara tatu au nne mpaka yatoke meupe. Wengi huishia kwenye baridi, kisha wanashangaa shingo imekuwa nyeusi siku ya kwanza ya jasho. Anika kivulini.