Jibu: Daivati ya "laini ikitumika" haihamishi? Angalia kwanza simu ya kusubiri

Mkuu, umesema umeweka daivati (kuhamisha simu) ili namba ya dukani ihamie kwa mdogo wako pale unapokuwa unaongea, lakini wateja wanalalamika kwamba inaita mpaka inakatika na mdogo wako hapati kitu. Waliotangulia wamekushauri ubadilishe laini. Usibadilishe kwanza, maana yalishanikuta haya haya hapa Kigoma na laini ilikuwa nzima.

Shemeji yangu anauza dagaa Kibirizi. Giza la mwezi likiingia, mitumbwi inakesha ziwani na taa zake, na alfajiri mzigo ukifika mwaloni simu yake haipumui: Kahama, Mwanza, Dar, wote wanataka bei ya leo. Nikamwekea daivati ya **67*, yaani laini ikitumika simu iende kwa mkewe, dada yangu. Nikajiona fundi. Wiki ileile mteja wa Kahama akanunua kwa jirani, kisa "nakupigia inaita tu, hupokei".

Jioni nzima nilikaa na kitochi chake pale Mwanga. Kumbe simu ya kusubiri, ile inayokupigia "ti ti" sikioni ukiwa unaongea, ilikuwa imewashwa. Sasa mtu wa pili akipiga, daivati inataka kumhamisha kwa sababu laini inatumika, na huduma ya kusubiri inamzuia kwa sababu bado kuna nafasi moja. Kila mmoja anafanya kazi aliyoajiriwa, na tukio ni lile lile. Kwa taratibu za GSM, mfumo wa simu za mkononi, anayeshinda ni kusubiri: laini haihesabiwi kuwa imejaa mpaka kuwe na anayeongea na mwingine anayesubiri. Kwa hiyo daivati yako inamngoja mtu wa tatu! Au inakungoja wewe umkatie huyo wa pili, maana ukimkatia mtandao unahesabu kuwa umejibu "natumika", na hapo anahamishwa. Shemeji alikuwa hakati kabisa. Aliona kumkatia mteja ni utovu wa adabu.

Wahandisi wa simu wanaujua mgongano huu tangu miaka ya 1980, kule Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu Marekani, na 1992 walifanya warsha yao ya kwanza ya jambo hili huko Florida. Mfano wao maarufu: Asha amefunga laini yake isiweze kumpigia Juma. Neema naye amehamisha simu zake kwa Juma. Asha anampigia Neema, anapokelewa na Juma. Hakuna huduma iliyoharibika, ila ahadi aliyopewa Asha imevunjwa. Ili kunasa mambo kama haya kabla huduma haijauzwa, wanaichora kila huduma kama mashine yenye hali zake (imetulia, inaita, inaongea), kisha programu kama SPIN inaziendesha pamoja ikitafuta njia inayofikia ahadi iliyovunjika. Kazi ni pevu, maana huduma 10 tu zina jozi 45, na zikiwa 20 jozi ni 190, hapo hujagusa zinazogongana tatu tatu.

Mimi nilitumia daftari la madeni ya dagaa. Niliandika matukio upande mmoja: naongea, sipokei, nakata, imezimwa au haina mtandao. Mbele ya kila tukio nikaandika huduma zote zinazolisubiri. Mstari wenye majina mawili ndio wa kuutilia shaka. Lakini andika simu zote zinazohusika, si yako peke yake. Nilipoongeza ya dada nikakuta naye ana daivati ya "sipokei" inayorudi kwa mumewe, kwa hiyo mteja angerushwa huku na huku kama mpira. Mitandao huweka ukomo wa kuhamahama huko, ila mteja hatakaa kuusubiri.

Angalia pia kama kuna **21*. Hiyo inahamisha kila simu, na zikiwapo daivati nyingine zinalala tu. Na kama umefunga simu zote zinazotoka, mtandao utakataa kukuwekea daivati, kwa kuwa kipande cha pili cha safari ni simu inayotoka kwako, na kwa kawaida wewe ndiye unayekilipia.

Tiba ni mbili. Zima kusubiri kwa #43#, au iache na uongeze **61*namba ya mdogo wako**15#, ili asiyepokelewa ndani ya sekunde 15 ahamie kwake. Unaweza kuweka kuanzia 5 hadi 30, kwa kupanda tano tano. Kwa shemeji nilichagua ya pili, kwa sababu anapenda kuona nani anapiga.

Ili kuona kilichowashwa, piga *#43#, *#67# na *#61# kwenye simu yako, halafu *#21# na *#61# kwenye ya mdogo wako. Bandika majibu hapa, namba uzifiche.